Simba Mwene ni Mmoja: Urithi wa Cheo katika Habari za Wakilindi

Ukimtajia mwanafunzi wa fasihi kitabu cha Habari za Wakilindi, jibu utakalopata ni jina moja tu: Mbegha. Mbegha mwindaji, Mbegha na mbwa wake, Mbegha aliyegawa nyama akapewa nchi. Basi. Baada ya hapo kitabu kinarudishwa rafuni, na katika insha ya mtihani inaandikwa sentensi ile tuliyoizoea sote, kwamba kazi hii "inaakisi mfumo wa umwinyi katika Usambara kabla ya ukoloni". Mhadhiri anaweka alama ya vema, tunaendelea na riwaya nyingine.

Sina ugomvi na neno umwinyi. Ugomvi wangu ni kwamba neno hilo limekuwa kama kifuniko cha chungu: tukishalitamka hatuangalii tena ndani kunachemka nini. Maana kitabu hiki cha Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy hakiishi na Mbegha. Sehemu kubwa yake inahusu jambo ambalo wahakiki wengi wamelipita kwa haraka, nalo ni namna cheo cha Simba Mwene kilivyotoka mkono wa mtu mmoja kwenda mkono wa mwingine katika ukoo mmoja, na nini kiliwapata watu wa kawaida kila mikono hiyo ilipotetemeka. Hoja yangu ni hii: katika ukoo wa Wakilindi kila kitu kiligawanyika, mashamba, ng'ombe, wake, nchi za kutawala, hata heshima, cheo peke yake hakikugawanyika. Vita vilivyoiunguza Vuga katika karne ya 19 havikutokana na tamaa ya Semboja peke yake kama tunavyopenda kusema. Mbegu yake ilikuwa ndani ya utaratibu wenyewe wa kurithi.

Tuanze na Mbegha kidogo, kwa sababu hatuwezi kumkwepa, lakini tumtazame kwa jicho jingine. Huyu anayehesabiwa kuwa baba wa warithi wote wa Vuga alikuwa mtu aliyenyimwa urithi. Huko kwao Ngulu alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia kuota, na kwa desturi za wakati ule mtoto wa namna hiyo hakuachwa aishi. Wazazi wake walimficha aibu hiyo wakamlea. Walipokufa, ndugu zake wakakataa asipate kitu katika mali ya marehemu. Walimwona ni mkosi anayewamaliza jamaa. Akaondoka na mikuki na mbwa wake, akaenda Kilindi, huko nako mtoto wa mkuu wa mahali alikufa katika msako wa nguruwe waliokwenda pamoja, Mbegha akakimbia tena. Jina la ukoo wake mzima, Wakilindi, ni jina la mahali alipopakimbia. Sijui kama wenzangu mmelitafakari hilo.

Kwa hiyo alipofika milima ya Usambara hakuwa na cheo cha baba wala cha babu. Alikuwa na nyama. Alizunguka akiwaua nguruwe walioharibu mashamba ya Washambaa, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Steven Feierman, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi mengi ya hadithi hii na kuchapisha kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974, ameonyesha kwamba mabadilishano hayo ya nyama na chakula cha shamba ndiyo moyo wa hadithi: mtu wa porini anaingizwa katika jamii ya wakulima. Kisha akiwa safarini kwenda Vuga akamuua simba usiku, na watu wakamwita Simba Mwene. Mwene ni mwenye nchi. Cheo kilitoka vinywani mwa wakulima wakimpa mtu asiye na chochote kwa sababu amewatendea jambo.

Sasa hapo ndipo penye utamu. Cheo kilichopatikana kwa vitendo kitarithiwaje? Mtoto wa Mbegha hakumuua yule simba. Mjukuu wake hakufika na mbwa. Ukoo ulilazimika kubuni njia ya kumfanya kila mrithi awe Mbegha upya, na njia hiyo ni sanaa ya maonyesho hasa, ingawa vitabu vyetu vya historia ya drama havina habari nayo. Mfalme alipokufa, kifo chake kilifichwa. Wazee wachache tu ndio waliojua. Maziko yalifanyika kwa siri, na mrithi aliletwa Vuga usiku, kama Mbegha alivyokuja, akifuata nyayo za safari ile ya kwanza, hata asubuhi watu wanapoamka wanaambiwa mfalme ni huyu. Hapakuwa na siku ambayo nchi ilijua kwamba haina mfalme. Tukisema sanaa jadi za maonyesho, tunataja jando na matanga na ngoma za mavuno. Huu mchezo wa usiku mmoja, wenye jukwaa la njia nzima ya mlimani na mhusika mkuu mmoja asiyekufa, tunauacha kwa wanahistoria.

Majina nayo yaliingia katika mchezo huo. Mmisionari Krapf, aliyefika Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852, aliandika kwamba majina ya wafalme yalipokezana: Kimweri, kisha Shebughe, kisha Kimweri tena. Mjukuu anarudisha jina la babu. Kila mmoja wetu anajua katika jamii nyingi za Kibantu babu na mjukuu wanataniana kama watu wa rika moja, bibi anamwita mjukuu wake wa kiume mume wangu. Kwa hiyo jina la kifalme halikuwa pambo. Lilikuwa linasema kwamba aliyekufa amerudi.

Lakini mtu haishi kwa jina tu. Mrithi alikuwa na mama, na mama alikuwa na ndugu. Mbegha alioa katika koo za wenyeji, na watoto wake wa kiume wakawekwa kutawala huko kwa wajomba zao. Ni mbinu nzuri ajabu: mwenyeji hatawaliwi na mgeni, anatawaliwa na mpwa wake. Mwenye kumpinga mtawala anampinga mtoto wa dada yake. Wapo wanaoiona mbinu hii kama ujanja wa tabaka tawala, na ni kweli ni ujanja, ila wajomba nao walipata mahali pa kumshika shati mtawala. Mpwa ana adabu zake mbele ya mjomba.

Wanawake, kwa bahati mbaya, wanapita katika masimulizi kama milango: kupitia kwao watu wanaingia na kutoka. Yupo mmoja ambaye hakukubali kuwa mlango. Mboza Mamwinu, dada wa mfalme Kinyashi, aligombana na ndugu yake, akaondoka, na huko Mshihwi ukaanzishwa utawala ambao haukuwa chini ya Vuga. Hii ilikuwa katika kizazi cha tatu tu kutoka kwa Mbegha. Ukitafuta ushahidi kwamba ufa ulikuwepo tangu zamani, kabla ya bunduki na kabla ya misafara ya biashara, ni huo. Dada hakuweza kuwa Simba Mwene wala hakutaka kuwa mtu wa chini wa Simba Mwene, na hakuna nafasi ya tatu iliyokuwepo. Natamani siku moja mtu aandike tamthilia juu yake. Tunaye Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tunaye Mukwava wa Uhehe wa Mulokozi. Mboza bado anangoja.

Tufike kwa Kimweri ye Nyumbai, mwana wa huyo Kinyashi, kwa sababu katika utawala wake utaratibu ulifanya kazi vizuri mno, na kufanya kazi vizuri mno ndiko kulikouharibu. Kimweri alitawala takriban nusu karne mpaka alipokufa mwaka 1862. Amri yake ilishuka mlimani hadi pwani. Huko Tanga na Pangani majumbe walihitaji kukubaliwa naye, na Sultani wa Unguja naye akiwa na mkono wake katika mambo hayo hayo, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenziwe. Burton na Speke walipopanda Vuga mwaka 1857 walimkuta mzee aliyechoka, na Burton anaeleza kwamba mfalme alitaka kwao dawa ya kumrudishia nguvu. Wageni waliona kichekesho. Kwangu mimi hapo hapachekeshi hata kidogo. Mfalme huyo alikuwa anajua kitakachotokea nguvu zikimwisha.

Maana tazama alivyoijenga nchi. Aliweka wanawe kutawala karibu kila mahali. Wakati baba yu hai, mpango huu hauna kasoro: mtawala wa wilaya anamtii mfalme mara mbili, kama mfalme na kama baba yake mzazi. Kodi inapanda Vuga, maamuzi makubwa yanapanda Vuga, hakuna anayethubutu kunyanyua uso. Feierman ameeleza vizuri kwamba utaratibu huu ulikuwa na zamu yake. Mfalme mpya alipoingia, aliwakuta ndugu zake wa baba mmoja wakitawala wilaya. Taratibu, kadiri wanawe walivyokua, aliwaondoa wale ndugu na kuwaweka wana. Ufalme ulikuwa dhaifu mwanzoni mwa kila utawala na ukapata nguvu mtoto wa mfalme alipoota ndevu. Nchi ilikuwa inapumua hivyo, inalegea na kukaza.

Kimweri aliishi mno. Wanawe wakazeeka katika wilaya zao. Mkubwa wao, Mnkande, ambaye ndiye angeshika cheo, alikufa kabla ya baba yake. Kwa hiyo mzee alipofariki cheo kilikwenda kwa Shekulwavu, mtoto wa Mnkande, kijana asiye na mtoto mkubwa hata mmoja wa kumtuma kutawala popote.

Hebu sasa tuitazame lugha, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa nani kwa Shekulwavu? Alikuwa baba yake mdogo. Katika lugha zetu baba mdogo si "ndugu ya baba" kwa mbali, ni baba. Anaamkiwa kama baba, anasikilizwa kama baba, ana haki ya kukugombeza mbele za watu. Shekulwavu alipoketi Vuga, nchi nzima ilitawaliwa na baba zake wadogo, nao wote kwa mujibu wa cheo walitakiwa wamwite Simba Mwene na kwa mujibu wa ukoo walikuwa na haki ya kumwita mwanangu. Maneno mawili yanayompa mtu mmoja nafasi mbili zisizopatana. Katika utawala wa Kimweri neno la ukoo na neno la cheo yalikwenda pamoja: baba ndiye mfalme. Katika utawala wa mjukuu yakageuziana migongo. Hili ndilo jambo ambalo neno umwinyi halituonyeshi. Linatuambia nani alikula kodi. Halituambii kwa nini waliokula pamoja miaka hamsini waliamka siku moja wakachinjana.

Semboja hakuwa mjinga. Makao yake yalikuwa Mazinde, chini ya mlima, kwenye njia ya misafara iliyofuata bonde la mto Pangani. Miaka hiyo pembe za ndovu na watumwa vilikuwa vinashuka pwani, bunduki na baruti na nguo vinapanda bara. Vuga iko juu mlimani, mji wa heshima, mji wa makaburi na dawa za mvua, lakini wafanyabiashara hawapandi mlima kwa ajili ya heshima. Mwenye Mazinde alipata bunduki, na mwenye bunduki alipata wafuasi wasiomtazama kama mjomba wala mpwa: Wazigua, Wataita, watu wa vita wanaolipwa nyara. Mwishoni mwa miaka ya 1860 watu wa Semboja wakaipanda Vuga wakaichoma moto. Shekulwavu akakimbia, na haukupita muda mrefu akafa.

Hapa msomaji makini atauliza: kwa nini Semboja hakuketi mwenyewe Vuga? Alikuwa ameshinda. Badala yake alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, na yeye akabaki Mazinde. Maelezo ya kiuchumi yanajitosheleza kwa kiasi fulani: mali ilikuwa bondeni, na mtu mwenye akili hawezi kuacha njia ya misafara akakae mlimani kulinda makaburi. Lakini angalia na jina. Aliyewekwa Vuga anaitwa Kimweri. Mjukuu wa Kimweri, mwenye jina la Kimweri, katika mji wa Kimweri. Ni ule ule mpangilio wa babu na mjukuu tuliouona mwanzo. Semboja alijua kwamba yeye mwenyewe, kama baba mdogo aliyemfukuza mwana wa kaka yake, hawezi kupendeza katika mchezo ule wa usiku, mwanawe anaweza. Bunduki zilimpa mji. Cheo alihitaji kukitengenezea mtu anayefaa kuwa Mbegha.

Nyumba ya Shekulwavu haikukubali. Nduguye Chanyeghea akaendelea na vita upande wa mashariki, na baada yake jamaa zake wengine. Wabondei, waliokuwa wakitawaliwa na Wakilindi, walipoona wakubwa wanatoana roho wakaondoka na vita vyao wenyewe, ile Kiva, wakawaua Wakilindi waliokuwa kwao na kuwafukuza waliosalia. Miaka ikawa ishirini na zaidi ya kuviziana. Na kwa kuwa bunduki hununuliwa, na kilichonunua bunduki haraka zaidi ni watu, pande zote mbili ziliteka na kuuza watu. Mkulima wa Usambara ambaye babu yake alimpa Mbegha vyakula vya shamba kwa kubadilishana na nyama, sasa yeye mwenyewe akashuka Pangani amefungwa kamba, ili mtoto wa fulani awe Simba Mwene badala ya mtoto wa fulani.

Wakulima walikuwa na nadharia yao kuhusu mambo haya, na kwa maoni yangu inazidi nyingi tunazofundishwa darasani kwa kuielewa Usambara. Kwa Kishambaa kuna kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kuna kubana shi, kuiumiza. Mfalme mwenye nguvu asiye na mshindani anaiponya nchi: mvua inanyesha kwa wakati, migomba inazaa. Wakiwapo wawili wanaoshindana, nguvu kwa nguvu, kila mmoja anazuia mvua ya mwenziwe, na nchi inakufa katikati. Ukiisikia kwa mara ya kwanza utasema ni ushirikina. Hebu ifasiri polepole. Wakubwa wawili wakigombea cheo kimoja, hakuna anayelinda mashamba, vijana wanaviziwa njiani, watu wanakimbilia vileleni penye mwamba ambako ndizi hazistawi, njaa inaingia. Nchi inakufa katikati kweli. Mkulima aliyesema nguvu kwa nguvu alikuwa anaeleza historia ya kisiasa kwa msamiati wa mvua.

Ndiyo maana nasema wahakiki wetu wanaoona katika kitabu hiki sifa tupu za tabaka tawala wanasoma nusu. Cheo kisichogawanyika kilikuwa na faida kwa aliye chini. Mtu mmoja ndiye wa kulaumiwa mvua isiponyesha, na mtu mmoja ndiye wa kuombwa. Mkulima hakukipenda cheo kwa sababu amelewa itikadi ya wakubwa, au tuseme si kwa sababu hiyo tu. Alikipenda kikiwa kimoja na akakiogopa kikiwa viwili. Aliyekuwa na sababu ya kukigawa ni Mkilindi wa wilaya, siyo mkulima wake.

Abdallah bin Hemedi anasimama wapi katika ugomvi huu? Swali hili hatuwezi kulikwepa, maana yeye ndiye tunayemsoma. Alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu aliyesoma, akaishi Usambara na kuwa karibu na Semboja. Sehemu za mwisho za kitabu zinahusu mambo ya wakati wake, na kwa hiyo si mtu anayesimulia alichosikia kwa babu tu. Halafu kitabu kikachapishwa kwa sehemu katika mtambo wa wamisionari wa Kiingereza huko Magila, ndani ya Bonde, nchi ile ile iliyowafukuza Wakilindi, katika miaka ambayo Wajerumani walikuwa wameshashika nchi. Sisi wengi tunakijua kwa toleo la J.W.T. Allen la mwaka 1962. Mwandishi Mwislamu, mwenyeji wa nyumba ya mshindi, mchapishaji Mkristo, msomaji Mbondei, serikali ya Kijerumani. Nani angeweza kuandika kwa uhuru hapo?

Na bado hakuandika kitabu cha kumsifu Semboja. Ingekuwa rahisi kufanya kama tarikhi za pwani zinavyofanya mara nyingi. Chukua Habari za Pate: Sultani fulani alitawala miaka kadhaa, akafa, akatawala mwanawe fulani, miaka kadhaa. Cheo kinateleza kama maji katika mfereji, na msomaji anabaki na hisia kwamba kurithi ni jambo la maumbile kama mvi. Abdallah anakataa mfereji huo. Kwake kila kurithi ni kikao. Wazee wanakutana, mmoja anasema hivi, mwingine anajibu vile, mtu anatumwa, anarudi na jibu la kukasirisha, mwingine anashauri subira. Kitabu kimejaa mazungumzo kuliko matukio. Wapo waliokikosoa kwa hilo, wakisema ni maneno mengi na tarehe hamna. Mimi naona fani hiyo ndiyo maudhui yake. Kwa kuandika mabishano badala ya orodha, mwandishi anatuonyesha kwamba cheo hakikupita kwa damu. Kilipita kwa mdomo, kwa kukubaliana, na palipokosekana kukubaliana kikapita kwa baruti. Mtu anayetaka kumtetea mshindi asingetuonyesha hilo, kwa sababu linamvua mshindi haki ya kuzaliwa na kumwacha na bunduki zake mkononi.

Kasoro anayo, nisije nikaonekana namtukuza. Mkulima katika kitabu chake anasema kwa wingi tu: "watu" walifanya hivi, "watu" walikasirika. Aliyeuzwa Pangani hana jina. Na Vuga yake inaonwa kwa jicho la mtu wa pwani aliyezoea barua na mashauri, hata wazee wa Kishambaa wakati mwingine wanazungumza kama masheikh barazani.

Wajerumani walipoingia walikuta ugomvi umekwisha choka lakini haujafa, wakautumia. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, wa nyumba ya Semboja, aliyekuwa ameketi Vuga, wakamweka Kinyashi kutoka nyumba ya Shekulwavu. Kwa mara ya kwanza Simba Mwene aliingia Vuga kwa amri ya bwana shauri, na ambaye angeweza kumwondoa ni bwana shauri huyo huyo. Ukafika mwisho ule mtego wa wajomba, wazee wa usiku na wafuasi. Na Kinyashi, ambaye jamaa zake walikuwa wamepigana zaidi ya miaka ishirini kwa ajili ya cheo hicho, alikaa miaka michache tu, akaogopa kuuawa kwa uchawi, na mwanzoni mwa karne ya 20 akakiacha. Waingereza walipoleta utawala wao wa kupitia machifu katika miaka ya 1920, wakamtafuta, wakamrudisha. Mwaka 1929 akakiacha tena.

Cheo kikarudi kwa nyumba ya Semboja, kwa Shebughe Magogo. Yeye alikumbana na jambo ambalo Mbegha hakulijua: mshahara wa serikali pamoja na amri ya serikali. Waingereza walipoanzisha mpango wa kuhifadhi ardhi huko Mlalo mwaka 1946, wakulima wakalazimishwa kulima matuta, na machifu ndio waliotakiwa kuwasukuma. Watu wakauliza swali lile la zamani kwa sauti mpya: huyu anaiponya nchi au anaibana? Umati ukaenda Vuga kumdai aondoke. Mwaka 1947 Magogo akaondoka na mwanawe, Kimweri Mputa Magogo, akashika. Shebughe, kisha Kimweri: zamu ya majina aliyoiandika Krapf karibu miaka mia moja nyuma ilikuwa bado inaendelea, ingawa sasa jina jipya lilikwenda kwanza ofisini kwa mkuu wa wilaya. Mwaka 1963 sheria ikafuta uchifu katika Tanganyika nzima, na Kimweri Mputa akawa Simba Mwene wa mwisho kuwa na hati ya serikali.

Katika orodha yote hii ninayerudi kwake kila mara ni Kinyashi. Si Mbegha, si Semboja. Wahakiki hawamtaji, na haishangazi, maana hakushinda vita wala hakuua simba. Lakini kati ya wote waliozaliwa katika ukoo ule, ndiye aliyekishika cheo mara mbili na mara mbili akakiweka chini kwa hiari yake, wakati pande zote mbili za ukoo zilikuwa zimezika watu kwa kukigombea. Kitabu cha Abdallah hakimfikii katika siku zake za mwisho. Sehemu hiyo ya Habari za Wakilindi mtu wa kuiandika angelazimika kuianzia hapo.